Mzizi Mmoja Wazi

Koplo Shamimu alisimamisha rekodi kwenye simu yake, akairudisha nyuma kidogo, akaiachia tena. Sauti ya Mwalimu Idrisa Mpwele ikajaa ofisi ndogo ya upelelezi. Ilikuwa sauti tulivu, ya mtu aliyezoea kuwasomea watoto.

*Mzizi mmoja wazi, wa pili nimefunika…*

"Hapo, afande," Shamimu alisema. "Hapo ndipo nilipokwama tangu jana."

Inspekta Ayubu Nalinga hakuinua kichwa. Mbele yake lilikuwa jalada la Omari Chikoti, mvushaji wa Kilambo aliyeshtakiwa kwa kumuua Shaibu Mtipa, mlinzi wa mikoko ya mlango wa Ruvuma. Lilikuwa limekamilika. Lilisubiri saini yake tu.

"Umekwama nini? Ni shairi la miti."

"Ndivyo ulivyotueleza, afande."

Kweli alikuwa ameeleza. Wiki moja nyuma, kwenye maadhimisho ya Siku ya Mazingira, Mwalimu Idrisa alipanda jukwaani akaghani shairi alilolitunga kwa kumbukumbu ya rafiki yake Shaibu. Lilianza, *Mti na mtu ni ndugu, pumzi wamegawana*, na kabla halijafika katikati wanawake wa kijiji cha Mkandaani walikuwa wameshika pembe za khanga machoni. Lilipokwisha watu walisimama. Mshereheshaji alimwomba Inspekta, kama mtu aliyemkamata muuaji, aseme neno. Ayubu, aliyewahi kushinda mashindano ya ushairi akiwa sekondari na hakulisahau jambo hilo, alishika kipaza sauti akafafanua. Alisema mshairi anapotamka "mimi niliyekata" hajisemei yeye. Anawasemea wanadamu wote. Mkoko ni uumbaji, shoka ni tamaa yetu, na matope ni ujinga wetu. Watu walipiga makofi tena. Mwalimu Idrisa alikuwa ameketi mstari wa mbele, macho yake yakiwa chini, na Ayubu alidhani ni unyenyekevu.

"Soma kwa sauti, anzia ubeti uliotangulia," Ayubu alisema sasa, akiweka kalamu chini.

Shamimu aliusoma kutoka kichwani, kwa kuwa alikuwa ameshausikiliza mara nyingi.

*Mkoko wangu wa pwani, ni mimi niliyekata,*
*Ulinijia mwangani, kwa jina ukaniita,*
*Nikaingiwa na soni, mkono ukanivuta,*
*Ukalala matopeni, na maji yakakupata.*

"Unaofuata ndio wenye mizizi," alisema. "Afande, mimi nimezaliwa Mikindani. Mkoko una mizizi mingi kama miguu ya kaa, na maji yakipwa yote iko wazi. Kwa nini huu uwe na mzizi mmoja wazi na wa pili uliofunikwa? Mti gani una mizizi miwili?"

Ayubu alifungua mdomo amjibu kwamba ushairi hauhesabiwi hivyo, akaufunga. Kitu kilichokuwa na miguu miwili, mmoja wazi na mmoja umefunikwa, alikuwa amekiona kwa macho yake mwezi Machi. Askari wa doria walimkuta Shaibu maji yalipopwa, amelala chali juu ya mizizi, ana jeraha la ubavuni, na daktari alikuta maji kwenye mapafu. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu. Wa kushoto ulikuwa na buti la mpira, na buti lenyewe lilikuwa la mguu wa kulia. Hakuna mtu anayetoka nyumbani na buti la kulia kwenye mguu wa kushoto. Ayubu aliamuru jambo hilo lisitoke nje. Mwili ulifungwa turubai pale pale matopeni, na buti likawekwa kwenye mfuko wa vielelezo. Lilikuwa siri ya askari wa doria wawili, daktari, yeye na Shamimu. Hata Omari hakuulizwa.

"Huenda kasikia," alisema. "Hospitali watu wanaongea."

"Huenda, afande."

"Au mjane kamwambia."

"Huenda," Shamimu alisema tena, kwa heshima, na akaenda kuwasha gari.

*

Zuhura, mjane wa Shaibu, waliyemkuta akianika mihogo juu ya jamvi nyuma ya nyumba yake Mkandaani, alifurahi kuwaona. Furaha ile ilimtia Ayubu wasiwasi. Alileta viti viwili na yeye akaketi kwenye kinu kilicholazwa.

"Nimesikia Omari anapelekwa Mahakama Kuu," alisema. "Mungu akulipe, kaka."

Ayubu alimuuliza kuhusu siku ya mazishi, nani waliuona mwili.

"Mimi nilioneshwa uso tu. Mwili ulikuja umefunikwa, ukaingizwa ndani wakaosha wanaume. Shemeji zangu na imamu."

"Walikueleza walivyomkuta? Nguo zake, viatu?"

"Nguo si mlibaki nazo nyie? Ilikuja shuka ya hospitali tu." Alimtazama mmoja, kisha mwingine. "Kuna nini?"

"Taratibu tu, dada. Mwalimu Idrisa naye aliosha?"

Zuhura alitikisa kichwa polepole. "Aliitwa. Hawa watu wamekua pamoja, wametahiriwa jando moja, nani mwingine angeitwa? Akafika mlangoni akarudi. Akasema hawezi. Akakaa nje chini ya ukuta mpaka jeneza likatoka. Kaburini ndiyo alishuka." Alifuta mikono yenye unga wa mihogo kwenye khanga. "Usimfikirie vibaya kwa hilo. Tangu Shaibu aondoke, huyo ndiye aliyetushika. Anawafundisha wanangu jioni, paa la jikoni kalirekebisha yeye. Chai hapa hanywi. Namwambia, shemeji, kaa basi unywe chai. Hakai."

Shamimu alimtazama Ayubu, kisha akageuza macho upande wa mihogo. Waliaga, wakarudi kwenye gari.

"Hakuuona mwili," Shamimu alisema.

"Nimesikia."

"Na anachokijua hakuambiwa na mtu wa nyumba hii."

"Nimesikia, Shamimu."

Alisema kwa ukali, na alijua ukali ule haukumlenga Shamimu. Alikuwa akijiona jukwaani, kipaza sauti mkononi, akiwafafanulia watu maana ya neno "mimi."

*

Mwalimu Idrisa alikuwa ufukweni na darasa la tano, wakipanda vikonyo, zile mbegu ndefu za mikoko, kwenye tope. Ayubu alisema wamsubiri amalize. Alisimama kwenye nchi kavu, viatu vyake vya ofisini vikiwa safi, mpaka watoto walipooshana miguu na kupanda njia ya shule wakisukumana. Ndipo mwalimu akaja. Alikuwa mwembamba kuliko siku ya jukwaani, suruali imekunjwa mpaka magotini.

"Inspekta. Kumbe bado una kazi na sisi?"

"Nina kazi na shairi lako, Mwalimu."

"Ulilifafanua vizuri kuliko mimi."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Ayubu angependelea iwepo.

"Nataka unifafanulie wewe. Mstari kwa mstari."

"Mshairi haulizwi maana ya shairi lake."

"Mimi sikuulizi kama msomaji."

Mwalimu alimtazama Shamimu aliyesimama hatua chache nyuma, akalitazama gari, kisha akaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. "Uliza," alisema.

"'Ulinijia mwangani, kwa jina ukaniita.' Mkoko unamwitaje mtu jina?"

"Ni tashihisi. Tunaupa mti sifa za mtu."

"'Nikaingiwa na soni.' Mtu anayekata mti anamwonea nani haya?"

"Anauonea mti. Ndiyo maana yote ya shairi, Inspekta, kwamba tungeuonea mti haya kama tunavyomwonea mtu, tusingeukata."

Lilikuwa jibu zuri. Siku ya sherehe Ayubu angelipigia makofi. Aliinama akaokota kikonyo kimoja kilichosahauliwa na watoto, akakigeuza mkononi.

"'Mzizi mmoja wazi, wa pili nimefunika.' Haya, angalia huo mkoko hapo nyuma yako. Onesha uliofunikwa."

Mwalimu hakugeuka. "Ni lugha tu."

"Nimefikiri hivyo pia. Nikasema labda ni mizani imekulazimisha. Lakini wewe si mtu wa kulazimishwa na mizani, nimesikia beti zako. Ungetaka mizizi mingi ungepata neno." Ayubu akasubiri. Mwalimu alikuwa akikwangua tope lililokaukia kwenye kisigino chake. "Shaibu tulimkuta na buti moja. Jambo hilo hatukumwambia mtu. Mkewe hajui, na wewe mwenyewe ulikataa kuingia alipooshwa. Lilikuwa buti la kulia, Mwalimu. Limevalishwa mguu wa kushoto."

Mkono uliokuwa ukikwangua ulitulia.

Kwa mbali watoto walikuwa wakiimba njiani. Mwalimu Idrisa alipoongea, sauti ilitoka kama ya mtu aliyeamshwa.

"La kulia?"

"La kulia."

"Nilidhani nimelivalisha sawasawa," alisema. Akajifunika uso kwa mikono yote miwili, mikono yenye tope, akabaki hivyo. "Sikutaka alale miguu mitupu. Moja lilizama, nikalitafuta sikulipata. Hili nilidhani nimelivalisha sawasawa."

Shamimu alisogea, akampa onyo la kisheria kama inavyotakiwa: kwamba halazimiki kusema, na kwamba atakalosema laweza kutumika mahakamani. Mwalimu aliitikia kwa kichwa kila alipotua. Kisha akasema, na walimwacha aseme bila kumkatiza.

Binti yake Latifa alikuwa anaolewa, na wageni kutoka kwa mume wangekuja. Ukuta wa banda la nyuma ulikuwa umeanguka kwa mvua, ulihitaji fito na boriti chache. Mikoko ndiyo miti iliyonyooka, na mchwa hawaili. Angeweza kuomba kibali. Lakini angeombaje? Ni yeye aliyesimama kila mkutano wa kijiji akiwaaibisha waliokata. Aliwahi kumtaja mtu kwa jina mbele ya watoto wake. Basi alikwenda baada ya swala ya alfajiri, maji yakiwa yamepwa, akidhani Shaibu yuko doria upande wa Kilambo.

"Nilikuwa nimekata kadhaa. Mwanga wa tochi ukaniangukia. Nikasikia, 'Idrisa?' Nikanyamaza. Akasema tena, 'Idrisa?' Hakukaripia. Alikuwa anauliza kama mtu anayetaka useme hapana, si mimi." Akateremsha mikono. "Angenitukana ningekaa pale. Nilitaka kupita tu, nisiuone uso wake. Nikamsukuma nipite. Akaangukia kisiki nilichokikata mwenyewe, nilikikata kwa mshazari, kimechongoka. Nikamvuta nikamlaza juu ya mizizi. Mabuti yakabaki topeni."

"Alikuwa hai?" Ayubu aliuliza, ingawa jibu lilikuwa kwenye ripoti ya daktari.

"Alikuwa anapumua. Alikuwa ananitazama."

"Na kijiji kilikuwa pale. Ungepiga kelele wangekuja."

"Wangekuja," mwalimu alisema. "Wangenikuta na panga na fito zangu."

Shamimu aligeuza uso. Ayubu hakuweza kuugeuza wake. Alikuwa ameshawahoji watu walioua kwa mali na kwa wivu, na kila mmoja alikuwa na kitu cha kujitetea. Huyu alikuwa na haya tu. Aliona haya kumwita mtu, maji yakajaa.

"Halafu ukatunga shairi."

"Nilitaka kusema. Kwa polisi nilishindwa, mara mbili nimefika mpaka getini kwenu. Nikasema nitasema kwa njia ninayoijua. Nikasimama mbele ya wilaya nzima nikasema ni mimi niliyekata. Nilikuwa nimejiandaa mnikamate palepale." Kwa mara ya kwanza alimtazama Ayubu usoni. "Mkapiga makofi. Ukasimama wewe, ukawaambia kwamba mimi si mimi. Na mimi nikashukuru. Hilo nalo liandike. Nilirudi nyumbani nikashukuru."

Shamimu alimfunga pingu kwa mbele, akamtupia shuka la garini juu ya mikono ili watoto wakitokea wasione. Ayubu alimwona akifanya hivyo na akakumbuka kwamba yeye mwezi Machi hakumfanyia hivyo Omari.

*

Karatasi za kumwachia Omari Chikoti zilichukua siku kadhaa, kwa kuwa kumtoa mtu asiye na hatia kunahitaji mihuri mingi kuliko kumwingiza. Katika siku hizo Ayubu alilisoma upya jalada lake mwenyewe, akitafuta mahali alipokosea, na akakuta ni ukurasa wa kwanza. Omari alikuwa amekutwa na boriti za mikoko kwenye mtumbwi. Alisema alipakia ng'ambo, Msumbiji, na akamtaja mtu aliyempa. Ayubu hakumtafuta mtu yule. Ilikuwa safari ya kuvuka mto tu.

Omari alitolewa asubuhi. Alivaa shati lilelile alilokamatwa nalo, sasa likiwa pana. Ayubu alikuwa amemwandalia kiti ofisini, na chai, na amefunga mlango.

"Kaa, ndugu yangu."

"Nitasimama, afande."

"Aliyefanya kitendo kile amepatikana. Wewe umeachiwa huru kabisa. Nataka nikuombe msamaha, mimi binafsi."

Omari alikitazama kikombe cha chai, akautazama mlango uliofungwa.

"Hapa?" aliuliza.

"Hapa, au popote unapoona…"

"Ulinikamata wapi, afande?"

Ayubu alijua wapi. Ilikuwa gatini Kilambo, asubuhi ya siku ya watu wengi, wasafiri wa pande zote mbili wamepanga foleni. Alikuwa amemwinua Omari kwa ukosi wa shati na kusema kwa sauti, ili wakataji wengine wasikie, kwamba huyu ndiye aliyemuua Shaibu.

"Mama yangu anachota maji usiku," Omari alisema. "Kisimani hawamsalimii. Mikorosho yetu mwaka huu haikupuliziwa dawa, aliyekuwa anatuazima pampu kakataa. Wewe unafunga mlango unaniomba msamaha tubaki tunajua wawili." Hakupandisha sauti. "Njoo uniombee pale."

Shamimu aliendesha. Njia nzima Ayubu aliyapanga maneno kichwani, na yalipangika vizuri, kwa kuwa kupanga maneno ndiko alikokuweza. Gatini palikuwa na watu kama siku ile. Walipomwona Omari akishuka kwenye gari la polisi bila pingu waliacha walichokuwa wakifanya, na wengine wakaja kutoka vibandani. Mama yake aliletwa, mwanamke mfupi aliyekuwa akitembea haraka kwa hofu, kwa kuwa hakuambiwa anaitiwa nini. Alipomwona mwanawe alimshika kwenye viwiko, akampapasa mabega, halafu hakumwachia tena.

Ayubu alivua kofia.

"Ndugu wananchi," alisema, "kufuatia uchunguzi uliofanyika kwa kina, imebainika kwamba taarifa zilizotolewa awali kumhusu ndugu Omari Chikoti hazikuwa sahihi, na kwamba…"

"Sijaelewa," mama yake Omari alisema.

Hakuwa amesema kwa ubishi. Aliinamisha kichwa kidogo kama asikilizaye kwa sikio moja.

"Nasema, mama, imebainika kuwa…"

"Imebainika nini? Sema polepole, baba. Kaua au hakuua?"

Ayubu alihisi jua kwenye upara wake. Mbele yake alikuwapo mwenye pampu, labda, na waliochota maji kisimani, na wavushaji wenzake Omari. Wote walimtazama mdomo. Hakuna aliyekuwa tayari kumsaidia.

"Hakuua," alisema.

"Na aliyesema kaua ni nani?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Ayubu Nalinga, mama. Nilimkamata hapa. Alinieleza ukweli, sikumsikiliza. Nilisema uongo juu ya mwanao mbele ya watu hawa."

Yule mama alifikiri kidogo. Kisha aligeuka akaonesha kwa kidole nyuma ya watu, kwenye kibanda cha mwisho, ambako wanawake wawili wenye ndoo walikuwa wamesimama mbali na kundi.

"Wale hawakusikia," alisema. "Nenda ukawaambie."

Ayubu alikwenda, kofia mkononi, na watu wakampisha njia.